Parkes: Mji wa Ngano, Dishi na Mfalme Asiyewahi Kufika

Watu watatu wameupa umaarufu mji wa Parkes, katikati ya jimbo la New South Wales nchini Australia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa na nyumba hapo. Wa kwanza ni mwanasiasa Henry Parkes, aliyepita mwaka 1873 kuyatazama machimbo ya dhahabu, akaenda zake na kuliacha jina. Wa pili ni mwanaanga Neil Armstrong, ambaye picha zake zilinaswa hapo yeye mwenyewe akiwa mwezini. Wa tatu ni mwimbaji Elvis Presley, aliyeitwa Mfalme. Huyu hakukanyaga Australia maisha yake yote, lakini kila Januari maelfu ya watu huvaa kama yeye na kuandamana katika barabara kuu ya mji. Wenyeji, ambao ni kama 10,000 hivi, wanalima ngano, wanafuga kondoo, na wamejifunza kumfanya kila apitaye awe na faida.

Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki wakifika Australia huishia Sydney, Melbourne au Perth, wakarudi nyumbani na picha za jumba la opera. Si vibaya, ila nchi inayoilisha miji hiyo hawajaiona. Parkes ni mahali pazuri pa kuanzia. Hapako mbali mno, hapana makuu, na pana mambo matatu au manne ambayo huyapati pengine popote duniani.

Safari na majira yake

Kutoka Sydney hadi Parkes ni kama kilomita 360 kuelekea magharibi, pungufu ya mwendo wa Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwa gari ni saa tano hivi. Barabara hupanda milima ya Blue Mountains, ikashuka hadi Bathurst, ikapita Orange penye bustani za matufaha na mizabibu, kisha nchi inatandazika na kuwa tambarare. Hapo ndipo utajua umeingia nchi ya nafaka: uzio wa waya usiokwisha, vihenge virefu kando ya reli, na kati ya nyumba na nyumba mwendo ambao kwetu ungekuwa kata nzima. Asiye na gari hupata treni, au treni inayoishia njiani na abiria wakamaliziwa safari kwa basi. Ndege ndogo huruka mwendo wa saa moja, lakini ratiba za ndege za mikoani hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanga lolote.

Wanaotoka Kenya, Uganda na Tanzania watakuta magari yanapita kushoto kama nyumbani. Wanaotoka Kongo, Rwanda na Burundi wachukue siku moja ya kuzoea mjini kwanza.

Majira ndiyo huwachanganya watu. Juni hadi Agosti ni kipupwe, na alfajiri majani huwa meupe kwa jalidi. Koti zito si mapambo. Desemba hadi Februari ni kiangazi, jua linapanda hadi digrii 40, nzi nao hawana adabu. Kama unakuja kwa ajili ya kuona mandhari, njoo Septemba. Wakati huo kanola, zao la mbegu za mafuta, imechanua na mashamba yamekuwa manjano hadi upeo wa macho. Ukipenda kuona kazi, njoo Novemba au mapema Desemba, wakati wa mavuno.

Jambo la kuzingatia kabla hata hujapanda ndege ni mzigo wako. Australia hukagua vyakula, mbegu na bidhaa za mimea na wanyama kwa ukali usio na mzaha, kwa sababu ugonjwa mmoja wa mifugo au mdudu mmoja wa nafaka unaweza kuvuruga uchumi wa miji kama huu. Dagaa, nyama kavu, asali, mbegu za mchicha, maharage ya shangazi, hata kiatu chenye tope la shambani: vyote viandike kwenye fomu ya abiria. Ukiandika, huenda wakakunyang'anya tu. Ukificha, faini yake inauma, na viza nayo inaweza kufutwa.

Dhahabu, jina na mwenye jina

Ardhi hii ni ya Wawiradjuri, moja ya jamii kubwa za wenyeji asilia wa New South Wales, ambao nchi yao imekumbatia mito mitatu ambayo ramani huiita Macquarie, Lachlan na Murrumbidgee. Wazungu walipovuka milima na kuanza kutwaa malisho, Wawiradjuri walipigana, na mwaka 1824 gavana alitangaza sheria ya kijeshi katika eneo la Bathurst. Wafugaji wenye makundi ya kondoo walifuata nyuma ya bunduki. Historia nyingi za miji ya Australia huanzia kwenye dhahabu na kuiruka sura hiyo, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja.

Dhahabu yenyewe ilionekana mwaka 1862, na kambi ya wachimbaji ikaitwa Currajong. Kisha ukaja mgodi wa Bushmans mwaka 1871, watu wakahamia karibu nao, na kijiji kikachukua jina la mgodi. Agosti 1873 akaja Henry Parkes, wakati huo akiwa kiongozi wa serikali ya koloni, na kabla ya mwaka kwisha mji ukaitwa kwa jina lake. Barabara kuu ikapewa jina la mkewe, Clarinda. Hesabu ya wakazi ilikuwa nyepesi: mji wenye jina la mkubwa husikilizwa unapoomba barabara na reli. Reli ilifika mwaka 1893. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba jina ndilo lililoileta, lakini halikudhuru.

Mwenye jina alikuwa mtu wa ajabu. Alizaliwa Uingereza mwaka 1815, mtoto wa mkulima aliyepoteza shamba kwa madeni, akajifunza kazi ya kuchonga mifupa na pembe za ndovu, bidhaa ambayo watu wa pwani yetu wanaijua historia yake kwa uchungu. Alifika Sydney mwaka 1839, akafungua duka la vitu vya pembe, akaanzisha gazeti, akaingia siasa, akafilisika, akafilisika tena. Aliongoza serikali ya New South Wales mara tano. Hotuba yake ya mwaka 1889 katika mji wa Tenterfield ndiyo inayokumbukwa kama mwanzo wa safari ya kuyaunganisha makoloni sita kuwa nchi moja. Alikufa mwaka 1896, hana kitu mfukoni, miaka mitano kabla ya muungano aliouhubiri kuzaliwa tarehe 1 Januari 1901. Waaustralia humwita Baba wa Muungano, na sanamu yake mjini Parkes hupigwa picha na watu ambao wengi wao wamekuja kwa sababu ya Elvis.

Kazi yenyewe ni ngano

Dhahabu huisha, na iliyokuwa juu juu iliisha upesi. Waliobaki walikata miti, wakalima. Mwaka 1901, mwaka uleule wa muungano, mtafiti William Farrer alitoa aina ya ngano aliyoiita Federation, iliyofaa nchi kame ya Australia, na mikoa ya ndani kama hii ikafunguka kwa wakulima wa nafaka.

Shamba la hapa huhesabiwa kwa mamia au maelfu ya hekta, nalo mara nyingi linaendeshwa na mume, mke na mtoto mmoja au wawili, pamoja na mashine zenye thamani ya nyumba kadhaa. Wakulima hungoja mvua za Aprili na Mei ili wapande. Ngano, shayiri na kanola hukua polepole wakati wa baridi, zinakauka majira ya kuchipua yakiisha, na kombaini huingia Novemba. Mavuno yakikolea, taa za kombaini huonekana shambani hadi usiku wa manane, na malori hupanga foleni kwenye vihenge kando ya reli, ambako kila mzigo hupimwa ubora kabla ya kupokelewa. Mkulima wa mahindi wa Rukwa au wa Trans Nzoia angeielewa foleni ile bila mkalimani. Baada ya mavuno kondoo huachiwa mabua wayale, wakisafisha shamba na kulitia mbolea.

Mvua ya mwaka ni kama milimita 580, tena haina ahadi. Ukame wa 2017 hadi 2019 ulikausha mabwawa, wafugaji wakauza mifugo yao ya kuzalisha, jambo ambalo kwa mfugaji ni sawa na kuuza mbegu. Mvua zikarudi, na mwaka 2021 yakaja majeshi ya panya, wakala nafaka ghalani na nyaya za magari. Novemba 2022 mafuriko yakaikumba Forbes iliyo jirani na kukisomba kijiji cha Eugowra. Ukikaa baa au mgahawani ukasikia watu wazima wakizungumzia mawingu kwa nusu saa, usidhani hawana la kusema.

Reli ndiyo inayoupa mji nguvu nyingine. Njia ya Sydney kwenda Perth inakutana hapa na njia ya Melbourne kwenda Brisbane, ndiyo maana kipande cha kwanza cha mradi mkubwa wa reli ya ndani ya Australia, kati ya Parkes na Narromine, kilikamilika hapa mwaka 2020. Kaskazini magharibi ya mji kuna mgodi wa shaba na dhahabu wa Northparkes. Kwa hiyo kijana wa hapa halazimiki kuchagua kati ya kulima na kuhama.

Dishi katikati ya malisho ya kondoo

Kilomita 20 hivi kaskazini ya mji, kando ya barabara kuu ya Newell, kitu cheupe huchomoza juu ya ngano. Ni darubini ya redio yenye dishi la mita 64, upana unaokaribia ule wa kiwanja cha mpira. Ilifunguliwa Oktoba 1961. Ilijengwa hapa kwa sababu mji huu ulikuwa na kitu ambacho miji mikubwa haina: ukimya. Darubini ya redio haioni mwanga, inasikiliza mawimbi hafifu kutoka angani, na injini, redio au swichi ya jirani inaweza kuyafunika. Hali ya hewa tulivu nayo ilihesabiwa, maana sehemu ya juu ya chombo hiki ina uzito wa tani 1,000, imekalia mnara kwa uzito wake tu, na hushika upepo kama tanga la jahazi. Upepo ukizidi kilomita 35 kwa saa, hulazwa kikitazama juu moja kwa moja.

Sasa fikiria mchana wa tarehe 21 Julai 1969 kwa saa za Australia. Armstrong na mwenzake walipaswa kupumzika kwanza baada ya kutua, lakini wakaamua kutoka mapema. Dishi liliinamishwa hadi mwisho wake kuungoja mwezi upande. Ghafla ukaja upepo wa kilomita 110 kwa saa, mara tatu ya kiwango cha usalama. Chumba cha kuongozea kilitikisika. Mkurugenzi John Bolton na wenzake hawakulilaza. Dakika za mwanzo dunia iliona picha zilizopokelewa na vituo vya Goldstone huko Marekani na Honeysuckle Creek karibu na Canberra. Dakika ya tisa wakahamia picha za Parkes, zikawa bora kiasi kwamba zilitumika hadi mwisho wa matangazo yale ya saa mbili na nusu. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 600.

Filamu ya The Dish ya mwaka 2000 imekichezea kisa hiki kwa ucheshi. Itazame kabla ya kwenda, ila usiishike kama ushahidi: umeme haukukatika kama inavyodai, na mitaa mingi inayoonekana ni ya Forbes, si Parkes.

Sisi nasi tuna kipande chetu katika hadithi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani waliweka kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mradi wa Mercury. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, sauti yake ilipita Zanzibar, ikavuka Bahari ya Hindi, ikapokelewa na vituo vya Muchea na Woomera nchini Australia. Kituo cha Tunguu kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Cha Parkes kingali kinafanya kazi.

Kazi yake kubwa wala si ya mwezi. Kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya pulsa zote zilizojulikana, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka na kumulika mawimbi kama mnara wa bandarini, ziligunduliwa hapa. Mwaka 2007 wanasayansi waliopekua kumbukumbu za dishi hili za mwaka 2001 walikuta mlipuko wa mawimbi ya redio uliodumu chini ya sehemu ya mia ya sekunde, kutoka mbali mno nje ya kundi letu la nyota. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Ubishi ukazuka, kwa sababu dishi lilikuwa pia likinasa milio mingine ya kutatanisha iliyokaribia kufanana na ule. Mwaka 2015 chanzo cha milio hiyo kikajulikana: watumishi waliokuwa na haraka ya chakula, wakifungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza kupasha. Mlipuko wa kweli ulibaki wa kweli. Maikrowevu ikabaki na aibu yake.

Kituo cha wageni hakitozi kiingilio, na mgahawa wake uko karibu na dishi, kwa hiyo unaweza kunywa chai yako huku tani 1,000 zikizunguka taratibu mbele ya macho. Zima simu unapokaribia. Kisa cha maikrowevu kimekwisha kukueleza sababu.

Novemba 2020 wazee wa Kiwiradjuri walilipa dishi jina la pili, Murriyang, yaani makao ya angani ya Biyaami, muumba. Kuna haki katika hilo. Watu hawa walikuwa wakisoma anga hili kabla ya darubini yoyote. Katika sehemu nyeusi za Njia ya Maziwa, palipo na giza na wala si penye nyota, wao humwona emu, ndege wao mkubwa mfano wa mbuni. Usiku usio na mwezi, nje ya mji, utamwona nawe ukielekezwa. Lugha yao, iliyokaribia kufa, sasa hufundishwa katika shule za Parkes kwa watoto wa rangi zote. Jifunze maneno mawili tu: "yiradhu marang" ni salamu ya siku njema, "mandaang guwu" ni asante.

Mfalme wa Januari

Januari ilikuwa mwezi mfu. Mavuno yamekwisha, joto linaua, wenye uwezo wameenda pwani. Mwaka 1993 mume na mke waliokuwa na mgahawa ulioitwa Gracelands waliandaa sherehe ya kuzaliwa kwa Elvis, tarehe 8 Januari. Walikuja watu 200 hivi. Wengi mjini waliona upuuzi, na huenda hata mimi ningeona hivyo. Leo tamasha huvuta wageni wapatao 25,000, zaidi ya mara mbili ya wakazi. Treni maalumu hutoka kituo cha Central, Sydney, imejaa abiria wenye nywele bandia na mavazi meupe yenye vito, wakiimba njia nzima. Siku ya Jumamosi kuna maandamano katika barabara ya Clarinda, Jumapili ibada ya nyimbo za injili, na wanandoa hurudia viapo vyao mbele ya Elvis wa kukodi.

Hoteli za mji hazitoshi, zikawa zinajaa mwaka mzima kabla. Wenyeji wakaanza kukodisha nyumba zao na vyumba vya watoto, na viwanja vya michezo vikawa vya mahema. Ukitaka kwenda, panga malazi miezi mingi mapema, au lala Forbes au Orange na uje asubuhi. Kofia, maji na mafuta ya kukinga jua si hiari. Na kama hupendi Elvis hata kidogo, epuka wiki hiyo. Hutapata pa kujificha.

Nje ya msimu, Kituo cha Henry Parkes kilicho pembezoni mwa mji kina vyote mahali pamoja: taarifa za wageni, historia ya mji, magari ya kale, matrekta na mashine za kupuria, na mkusanyo wa vitu vilivyokuwa vya Elvis mwenyewe. Mkusanyo huo uliletwa na Greg Page, aliyekuwa mwenye shati la manjano katika kundi la watoto la The Wiggles. Kisha panda Memorial Hill jioni uone mji wote na mashamba yanavyouzunguka. Uwanja wa ndege nao una makumbusho ya ndege za kale, maana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa chuo cha jeshi la anga, na baada ya vita ulitumika kuwapokea wahamiaji waliokimbia magofu ya Ulaya.

Mwenye siku ya ziada aende Trundle, kilomita 60 hivi magharibi, aone hoteli yenye baraza ndefu ya mbao inayoenda mtaa mzima. Trundle walipoona jirani anavuna kwa Elvis, wakaanzisha tamasha la ABBA. Peak Hill, kaskazini, ina mashimo ya wazi ya mgodi wa dhahabu ambayo unaweza kuyazunguka kwa miguu. Forbes, kilomita 33 kusini, ni mji wa jambazi Ben Hall, aliyeuawa na polisi mwaka 1865 na kuzikwa hapo, na kaburi lake bado hupata maua.

Shambani na barabarani

Uzio wa waya si pambo. Usiingie shamba la mtu kupiga picha kwenye kanola. Piga ukiwa kando ya barabara. Ukikaribishwa, geti ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge, kwa sababu kondoo wa makundi mawili wakichanganyika mwenyeji wako atakuwa na kazi ya siku nzima. Dereva asiyekujua akikuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, anakusalimu, mwinulie nawe.

Maduka mengi hufunga saa kumi na moja jioni, na Jumapili hufunguliwa machache. Jaza mafuta mjini, beba maji, usitegemee mtandao wa simu kila mahali. Jua likianza kuzama punguza mwendo au usiendeshe kabisa, kwa kuwa kangaruu hutoka kula kando ya lami na huruka barabarani bila kutazama kushoto wala kulia. Novemba kuna kingine cha kungoja: kombaini inayohama shamba, imechukua barabara yote, ikitanguliwa na gari dogo lenye taa ya njano. Sogea kando hadi ipite. Mwenye mashine ile huenda ameona wingu magharibi, na ngano yake bado imesimama.